Mpwa wangu, usikimbilie hataza

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako umenifikia, nami niliusoma kwa furaha mpaka nilipofika pale unaposema kwamba wakili amekushauri uombe hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi inayotolewa na serikali, kwa njia yako mpya ya kubana data (kuipunguza ukubwa), kwa kuwa bila hataza kazi yako haina ulinzi wowote. Nakujibu mbele za watu kwa sababu si wewe peke yako unayeambiwa hivyo, na kwa sababu ushauri huo umesimama juu ya jambo lisilo kweli.

Ulinzi unao tayari. Msimbo wako, yaani maandishi ya programu yako, una hakimiliki tangu ulipouandika, bila fomu wala ada. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unasema katika kifungu cha 10 kwamba programu za kompyuta zinalindwa kama kazi za fasihi. Anayenakili msimbo wako bila ruhusa amevunja sheria, na una haki ya kumfikisha mahakamani. Kwa hiyo wakili wako anapozungumzia hataza, hakupi kinga ambayo hukuwa nayo. Anakupa silaha ya aina nyingine kabisa, na ni vizuri ujue inampiga nani.

Mshairi aliyetunga utenzi anamiliki utenzi wake, lakini hamiliki mizani nane za kila kipande. Hakimiliki inakomea hapo, na ni haki ikomee hapo. Hataza inakwenda mbele zaidi: inashika njia yenyewe, kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na inamfunga hata mtu ambaye hajawahi kuuona msimbo wako. Akikaa mwenyewe, akafikiri mwenyewe, akaifikia njia ile ile, bado anahesabiwa amekukosea. Mimi siwezi kulikubali jambo hili. Katika kazi ya programu, watu wawili wanaopambana na tatizo moja hufikia jibu moja kila mara, kwa sababu hesabu ni ile ile kwa kila anayeipiga.

Kwa kuwa kazi yako ni ya kubana data, kisa cha njia iitwayo LZW, kwa herufi za majina ya Lempel, Ziv na Welch, kinakuhusu moja kwa moja. Mwaka 1978 Jacob Ziv na Abraham Lempel walichapisha njia yao ya kubana data. Terry Welch akaiboresha, na mwaka 1984 akaieleza katika jarida la kitaaluma kwa lugha iliyo wazi kiasi kwamba waandishi wa programu waliichukua na kuitumia mara moja. Wengi wao hawakujua kwamba ombi la hataza lilikuwa limekwisha kuwasilishwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe iliitumia njia hiyo katika picha za GIF, na picha hizo zikasambaa duniani kote. Hataza ilikuwa imeishia mikononi mwa kampuni ya Unisys. Mwishoni mwa mwaka 1994, GIF ilipokuwa imekwisha kuota mizizi kwenye intaneti, ikatangazwa kwamba wanaotengeneza programu za kuandaa picha hizo wanatakiwa kulipia leseni. Watu walikasirika, wakajitolea kubuni aina nyingine ya picha ili waikwepe hataza hiyo, na ndivyo tulivyoipata PNG. Nchini Marekani hataza ya Unisys ilikwisha mwezi Juni 2003.

Kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo linanikera kila nikilikumbuka. Watu wawili wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Victor Miller na Mark Wegman, nao walikuwa wameifikia njia hiyo hiyo, na wao pia wakaomba hataza mwaka 1983. Ofisi ya hataza ya Marekani ikawapa. Ofisi moja, njia moja, hataza mbili kwa wamiliki wawili tofauti! Wataalamu walioajiriwa kwa kazi hiyo walikuwa na maombi yote mawili na hawakutambua kwamba yanaeleza kitu kimoja. Sasa wewe, kijana unayeandika programu usiku baada ya kazi, utawezaje kupitia maelfu ya hataza zilizoandikwa kwa lugha ya kisheria ili ujue kama umekanyaga ya mtu?

Na usidhani hayo yalitokea mara moja tu. Mbinu ya kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na asiyehusika, iitwayo RSA ilibuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, ikapewa hataza Marekani mwaka 1983. Baadaye, mwaka 1997, ilitangazwa kwamba Clifford Cocks wa idara ya ujasusi ya Uingereza, GCHQ, alikuwa ameifikia mwaka 1973, ila kazi yake ilifichwa kama siri ya serikali. Waliofuata hawakuiba kitu. Walifikiri, wakafika.

Najua utaniambia kwamba mdogo asipokuwa na hataza atamezwa na mkubwa. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyomsukuma Martin Goetz, mtu aliyepata ile inayohesabiwa kuwa hataza ya kwanza ya programu Marekani, mwaka 1968, kwa njia ya kupanga data. Kampuni yake ilikuwa ndogo na IBM ilikuwa ikitoa programu bure pamoja na mashine zake. Goetz alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini angalia soko lilivyofunguka. Mwaka 1969 serikali ya Marekani iliishitaki IBM kwa kuhodhi soko, kampuni ya Goetz nayo ikaishitaki, na mwaka huo huo IBM ikatangaza kwamba itaziuza programu zake kwa bei ya peke yake, mbali na mashine. Hapo ndipo wauzaji wadogo wa programu walipopata nafasi ya kupumua. Sheria ya ushindani ndiyo iliyokuwa na nguvu pale.

Wakubwa wenyewe wanajua hataza zinamsaidia nani. Mwaka 1991 Bill Gates aliandika waraka kwa wakuu wa Microsoft akisema kwamba kama watu wangeelewa namna hataza zitakavyotolewa wakati mawazo mengi ya siku zile yalipobuniwa, na wakazichukua, sekta nzima ingekuwa imesimama. Dawa aliyopendekeza ni kubadilishana hataza na kampuni kubwa na kujipatia nyingi kadiri iwezekanavyo. Akaongeza, bila kuficha, kwamba kampuni changa isiyo na hataza italazimika kulipa bei yoyote ambayo wakubwa watataka. Wewe, na hataza yako moja, utabadilishana na nani?

Halafu kuna wale wasiotengeneza chochote, ambao mali yao ni hataza na kazi yao ni kushitaki. Huwezi kuwatishia kwa hataza yako, kwa sababu hawana bidhaa ya kushitakiwa. Watengenezaji wa simu za BlackBerry walilipa dola milioni 612.5 mwaka 2006 kumaliza kesi na kampuni ya namna hiyo, NTP, wakati ofisi ya hataza yenyewe ilikuwa ikizikagua upya hataza hizo na kuyakataa madai yaliyomo ndani yake. Mwenye fedha kama zile aliona heri alipe. Sisi wengine tungefunga duka.

Hata sheria hazijatulia. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ya Marekani ilizifungulia hataza za programu mlango wazi. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kulitia wazo la jumla ndani ya kompyuta ya kawaida hakulifanyi listahili hataza, na hataza nyingi zikaanguka baada ya hapo. Bunge la Ulaya, Julai 2005, lilikataa mswada wa hataza za programu kwa kura 648 dhidi ya 14. India na New Zealand zimeandika kwenye sheria zao kwamba programu ya kompyuta peke yake haipewi hataza.

Ninachokuomba ni hiki. Ieleze njia yako kwa ukamilifu, uichapishe mahali pa wazi penye tarehe, na msimbo wako uutolee leseni unayoitaka. Maelezo yaliyochapishwa yanamzuia mwingine asije kesho kuomba hataza ya kitu kile kile na kukudai wewe. Lakini jua kwamba katika nchi nyingi ukishachapisha umeipoteza nafasi ya kuomba hataza yako mwenyewe, kwa hiyo amua kwanza. Na kabla hujamlipa wakili, muulize jambo moja: kijana mwingine akiifikia njia hii kwa akili yake mwenyewe, nitatakiwa nimfanye nini? Kisha niandikie alivyokujibu.

Wasalimie wazazi wako.

Mjomba wako