Kabla ya kumnunulia mama gari, shika futi kamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaowanunulia wazazi wao magari, na pia na watu warefu wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaoendesha magoti yakiwa yamebanwa na usukani. Magari mengi siku hizi huchaguliwa kwenye simu: picha, rangi, cc, kilomita, bei. Gari likishafika Mbeya ndipo inajulikana kwamba mama hashuki mpaka avutwe mikono yote miwili. Gari lenyewe ni zima kabisa. Kilichokosekana ni kulipima kwa mtu atakayelikalia.

Kipimo cha kwanza ni kimo cha kiti kutoka ardhini. Fungua mlango, shusha futi kamba kutoka pale makalio yanapotua hadi chini. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, sentimita 50 hadi 65 ndipo panapofaa: anageuza mgongo, anarudi nyuma, anakaa kama anavyokaa sebuleni. Ukitaka kumpimia mzee wako hasa, mwambie asimame na viatu vyake vya kila siku, upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kiti cha gari kizidi hapo kwa sentimita 8 hadi 20. Kikiwa chini ya hapo, kama kwenye magari ya chini ya aina ya Mark X na Crown, kukaa kunakuwa kujiangusha, na kuinuka ni adhabu ya magoti na nyonga. Kikizidi sana, kama kwenye Prado na pikapu nyingi, itabidi apande, na mguu mmoja ubebe mwili mzima ukiwa umekunjwa. Watu humnunulia baba Prado kwa heshima, halafu baba anaanza kukwepa safari.

Usiishie kwenye kiti. Angalia kizingiti cha mlango. Kikiwa kipana, miguu inabaki mbali na kiti na mzee hukosa pa kukanyaga wakati anakaa. Sakafu ya ndani ikiwa imezama kuliko kizingiti, kila mguu lazima uinuliwe juu yake, na hapo ndipo wenye nyonga mbovu hukwama. Mlango nao ujaribiwe mahali penye mteremko, na mitaa ya Mbeya haina uhaba wa miteremko. Kile kipande cha chuma kinachouzuia mlango usirudi kikilegea, mlango humgonga mzee kwenye muundi wakati amesimama mguu mmoja. Ni kipuri kidogo, kinafungwa kwa bolti chache, na kinabadilishwa bila kugusa rangi.

Katika magari yanayopatikana kwa urahisi hapa kwetu, moja linadharauliwa bure: Toyota Raum ya kizazi cha pili, iliyoanza kutengenezwa 2003. Upande wa kushoto haina nguzo ya katikati kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukifungua yote miwili, unapata uwazi mmoja mpana kama mlango wa duka, na kwa kuwa sisi na Wajapani wote tunaendesha kushoto, uwazi huo unaangalia pembeni mwa barabara, si kwenye malori. Injini yake ni 1NZ ya cc 1,500, ndiyo hiyo iliyomo kwenye IST nyingi, kwa hiyo vipuri si tabu. Jambo la kuchunguza ni moja: milango yenyewe ndiyo iliyobeba kazi ya nguzo, hivyo gari lililogongwa kushoto na kunyooshwa ovyo litapiga mluzi ukiwa kasi na kuingiza maji mvua za Tukuyu zikianza. Kagua raba za milango na ona kama mianya kati ya mlango na bodi inalingana juu na chini.

Porte ina mlango mmoja mkubwa wa umeme upande wa kushoto na sakafu iliyo chini sana, kama sentimita 30 tu kutoka ardhini. Kuingia ni raha. Lakini mota na waya wa mlango ule vikichoka, matengenezo yake ni ghali kuliko mlango wa kawaida, na kwa njia za vijijini uchini wake unaburuza. Sienta inafaa watu watano. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, asije mtu akakudanganya. Noah ndiyo inayofaa familia yenye mzee wa kusafiri mbali, kwa sababu kiti cha katikati kinarudi nyuma na miguu inanyooka. Kasoro yake ni mlango wa reli. Vumbi likijaa kwenye reli, rola zinalika na mkono wa mzee hauwezi kuuvuta. Safisha reli kwa brashi na dizeli kidogo, futa ikauke, kisha pitisha grisi nyembamba. Ukijaza grisi nzito unakaribisha vumbi jingine.

Kuna pia magari ya Toyota yaitwayo Welcab, yaliyotengenezwa kiwandani na kiti kinachozunguka, na mengine kiti kinatoka nje na kushuka. Ukilikuta la namna hiyo, jaribu kiti mara kadhaa injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka, maana betri dhaifu humwacha mtu akining'inia nusu njia.

Sasa watu warefu. Kaa kwenye stuli, mgongo ukutani, upime kutoka pale unapokalia stuli hadi utosini. Mtu wa sentimita 190 hukaribia 98 hapo. Ukikaa garini, kati ya kichwa na dari kiingie kiganja kilicholala pamoja na ngumi juu yake. Kiganja peke yake hakitoshi, kwa kuwa rasta za barabarani na matuta ya vijiji vyote vya barabara ya Tanzam vinakurusha. Gari lenye dirisha la juu linapunguza sentimita kadhaa za dari, kwa hiyo mrefu aliepuke hata kama linapendeza. Kanyaga breki mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo, na kati ya paja na usukani viingie vidole vinne. Halafu shika wenzo ulio chini ya usukani. Magari madogo mengi ya zamani usukani wake unapanda na kushuka tu, hauji kwako. Mrefu akirudisha kiti ili miguu ikae, mikono inabaki imenyooka na mabega yanauma kabla hajafika Makambako. Mwisho, kaa nyuma ya kiti chako mwenyewe. Hapo ndipo atakapokaa mama.

Kwa upande wa injini nitasema machache. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwenye kimo hicho. Cc 1,000 na watu wazima watano kupanda mlima Kitonga ni kulitesa gari na waliomo.

Starehe nyingi huharibiwa baada ya kununua, na hapa sisi mafundi tuna hatia yetu. Gari likionekana la chini, tunaweka spesa juu ya springi au raba katikati yake. Ni kweli kiti kinapanda sentimita tatu au zaidi, na kwa gari la chini mno huo ni msaada. Lakini springi iliyowekwa raba inakuwa ngumu, na shokapu inaishi karibu na mwisho wa kunyooka kwake, ndiyo maana gari linagonga likishuka kwenye tuta. Mgongo wa mzee unapokea kila kitu. Kabla ya spesa, kandamiza kila kona ya gari kwa nguvu uachie. Ikipanda mara moja ikatulia, shokapu ni nzima. Ikidunda mara mbili au tatu, badilisha jozi. Angalia na upepo wa matairi. Kiwango kimeandikwa kwenye mlango wa dereva, mara nyingi PSI 30 hadi 33 kwa gari dogo, lakini kijana wa pampu akiachiwa atajaza 40, na gari linakuwa mkokoteni.

Kiti chenyewe kinarekebishika. Hufungwa kwa bolti nne, kwa Toyota nyingi ni spana namba 14. Kwa mrefu, fundi makochi anaweza kupunguza sponji ya kukalia sentimita tatu. Kwa mzee aliyezama, aongeze sponji ngumu ndani ya kitambaa, si mto wa kuwekea juu. Mto unateleza breki ikishikwa na mwili unapita chini ya mkanda. Usikubali reli za kiti zichomelewe ili kirudi nyuma zaidi. Kifungio cha mkanda kimeshikwa na kiti, hivyo siku ya ajali ile weldi ndiyo itakayobeba uzito wako. Kava nzito nazo zisizibe ubavu wa kiti wenye mfuko wa hewa.

Kuna msaada wa bei ndogo kuliko yote. Mzee akae kwanza miguu ikiwa nje, kisha ageuke magoti yakiwa pamoja. Tandika kipande cha satini ageukie juu yake, na ukitoe kabla ya kuondoka. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki, lakini tangu Juni 2019 umekatazwa, na satini ni bora.

Wa Njombe, Makete na Mbeya wasisahau hita. Mwezi wa saba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na magari mengi hita imekatwa: ilipovuja, fundi aliunganisha mipira miwili akaiacha nje. Mengine yametolewa themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, na injini haifiki joto lake la nyuzi 80 na ushee, hivyo hewa inatoka vuguvugu. Washa injini dakika 15, fungua hita mpaka mwisho, gusa kwa uangalifu mipira inayoingia ndani ya gari. Yote miwili iwe ya moto. Mmoja ukiwa baridi, hita imeziba.

Ndugu wenye yadi za magari, pale kwenye kioo mnapoandika mwaka na bei, ongezeni kimo cha kiti na kimo cha kizingiti. Na mteja akija na mzazi wake, mwacheni apande na kushuka mara tatu bila kuharakishwa. Mara ya kwanza wazee hujikaza mbele ya wageni; mara ya tatu goti halifichi tena.

Fundi magari,
Soweto, Mbeya