Daktari anaamini dawa imeshindwa, nami sijamwambia kwamba sikuimeza

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Kwa miaka mingi nimesoma majibu unayowapa wengine na kujifunza kutokana nayo, lakini sikudhani kwamba siku moja nami ningeshika kalamu. Ninaandika kwa sababu nimebeba jambo ambalo nimeshindwa kumweleza daktari wangu, mume wangu na kaka yangu, na kila wiki inayopita linazidi kuwa gumu kulitamka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Miaka saba iliyopita niligunduliwa kuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Ulianza kwa damu kwenye choo, nikaambiwa ni bawasiri. Damu ilipoendelea nikatibiwa amiba. Ikapita miezi minane hadi nilipofanyiwa kipimo cha kamera, ndipo ikaonekana kwamba ukuta wa ndani wa utumbo ulikuwa umevimba na kuchubuka kuanzia mwisho kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda hadi upande wa kushoto wa tumbo. Daktari alinieleza kwamba hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu moja kwa moja, ila zipo za kuutuliza, na kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, ndiyo inayougeukia utumbo wenyewe. Hauambukizi, wala haukutokana na kosa lolote nililolifanya. Maneno hayo ya mwisho niliyashika sana, na ndiyo yanayonisuta leo.

Kwa asiyeujua, naomba nieleze kwa ufupi maana yake. Ugonjwa ukiamka, haja hubana ghafla kiasi kwamba mtu anaweza asiwe na hata dakika mbili za kujizuia. Unakwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku, na ukishatoka bado tumbo linakusukuma urudi, ingawa hakuna kilichobaki ila ute na damu. Usiku unaamshwa. Damu inayopotea kidogo kidogo inaleta upungufu wa damu, na upungufu huo unaleta uchovu usioondoka kwa usingizi. Mtu mwenye hali hii huingia katika jengo jipya akitazama kwanza mlango wa choo uko wapi, kabla hajatazama nyuso za watu.

Kwa karibu miaka minne nilikuwa nimesahau hayo yote. Nilikuwa nikimeza vidonge vinne vya mesalazini kila siku, na daktari alikuwa amenisisitizia kwamba vidonge hivyo si vya kutibu maumivu bali vya kuzuia ugonjwa usiamke, kwa hiyo nisiviache hata nikijiona mzima. Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa.

Januari mwaka huu mama yangu alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yake yakawa mazito, hata ikawa lazima mtu akae karibu na kinywa chake ili amsikie. Nilimchukua tukaishi naye. Machi, ofisi niliyofanyia kazi kwa miaka tisa ilifungwa. Aprili nilipata kazi nyingine yenye kipindi cha majaribio cha miezi sita, na nilishukuru, kwa maana matibabu ya mama yalihitaji fedha. Wiki ya kwanza ya Mei damu ilirudi.

Kila mtu alisema ni mawazo. Kaka yangu alipiga simu akaniambia, “Dada, punguza mawazo, utajiua.” Mume wangu alisema niache kazi hadi mambo yatulie. Hata daktari, baada ya kusikia habari za mama na za kazi, alitikisa kichwa kwa huruma. Alinieleza kwamba msongo hauuleti ugonjwa huu kwa mtu ambaye hana, lakini wagonjwa wengi huona ukiamka katika vipindi vizito, kwa kuwa ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu na kila kimoja hupokea habari za mwenzake. Ninaamini ni kweli. Hata hivyo naomba niseme kwamba neno hili “mawazo” limekuwa kapu la kutupia kila kitu: linabeba fikra, hofu, huzuni na uchovu kwa pamoja, na mtu anayekuambia uyapunguze huwa hakuonyeshi mahali pa kuyaweka. Mama anahitaji kugeuzwa kitandani saa nane za usiku, awe na binti mwenye mawazo au asiye nayo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mama ana kiboksi cha plastiki cha kupangia dawa, chenye vyumba saba vya siku za wiki, kila siku na asubuhi yake na jioni yake. Kila Jumapili jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikakijaza: ya presha, ya kuzuia damu kuganda, ya mafuta kwenye damu. Tangu Januari hajakosa hata kidonge kimoja, na ninalisema hilo kwa fahari. Dawa zangu zilikuwa kwenye droo iliyo chini ya meza hiyohiyo. Usiku ule damu iliporudi, niliivuta droo nikazitoa karatasi za vidonge nikazitandaza kitandani na kuanza kuhesabu. Mwanzoni mwa Februari nilikuwa nimepewa vidonge 360, vya kunitosha siku 90, na siku ya 90 ilikuwa imepita jana yake. Vilikuwa vimebaki 132. Nilivihesabu mara mbili, nikavigawa kwa vinne. Siku 33.

Haikuwa kusahau tu, na sitaki nikudanganye wewe pia. Asubuhi nilikuwa nikimwogesha mama, nikimvalisha, nikimnywesha dawa zake, halafu ninatoka mbio nikijiambia kwamba zangu nitazimeza nikifika. Nikifika kazini sikutaka wageni wale, ambao ndio kwanza walikuwa wanajifunza jina langu, waanze kunijua kama mgonjwa wa vidonge vinne kwa mpigo. Jioni nilichoka. Na kwa kuwa tumbo lilikuwa limetulia muda mrefu, sehemu fulani ya moyo wangu iliamini kwamba dawa haikuwa na kazi tena. Juu ya hayo, mgongo uliniuma kwa sababu ya kumwinua mama, nami nikameza ibuprofeni karibu kila siku kwa muda wa wiki tatu, ingawa niliwahi kuonywa kwamba dawa za maumivu za jamii hiyo zinaweza kuuchokoza utumbo wenye ugonjwa kama wangu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichomwambia daktari. Aliponiuliza kama ninameza dawa, nilijibu “ndiyo,” na jibu hilo lilinitoka kabla sijalifikiria. Alipima kinyesi kuhakikisha kwamba si maambukizi, akaona kiwango cha uvimbe kiko juu, akanianzishia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 40 kwa siku, nikiipunguza miligramu tano kila wiki, na kunionya kwamba dawa hiyo haikatishwi ghafla kwa sababu mwili huzoea kuipata na hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana nayo. Leo niko kwenye miligramu 15. Damu imekatika. Lakini uso umevimba, usingizi umenipotea, na hasira zimekuwa karibu. Wiki iliyopita mama alimwaga kikombe cha maji juu ya shuka nililokuwa ndio kwanza nimelitandika, nikamfokea. Alinitazama akajaribu kuniomba radhi kwa ulimi wake ule mzito, neno moja la “samahani” likamchukua muda mrefu kulikamilisha, nami nilisimama pale nikilingoja hadi mwisho.

Katika miadi yangu iliyopita daktari alisema kwamba, kwa kuwa mesalazini imeshindwa kunilinda, na kwa kuwa si vizuri mtu kurudiarudia prednisoloni kutokana na madhara yake kwa mifupa na mengineyo, ni wakati wa kuhamia kwenye azathioprini. Alifafanua kwa uangalifu kwamba ni dawa inayopunguza nguvu za kinga ya mwili, kwamba nitapimwa damu mara kwa mara, hasa mwanzoni, ili kuangalia chembe nyeupe na ini, na kwamba huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kuonyesha kazi yake. Kisha aliandika kwenye faili langu huku akiyatamka maneno anayoyaandika: dawa ya kwanza imeshindwa. Nilikaa kimya. Dawa haikushindwa, Mshauri. Haikupewa nafasi.

Huenda azathioprini ninaihitaji kweli, na huenda siihitaji. Anayeweza kuamua ni daktari, na anaamua akiwa na habari zisizo za kweli kutoka kwangu. Najua kwamba jibu lako la kwanza litakuwa nimwambie. Ninaloliomba ni unisaidie namna ya kulisema, kwa sababu kuna mambo yanayonifunga kinywa. Daktari huyu amenitunza kwa subira kwa miaka saba, naona aibu kumwonyesha kwamba nilimtazama usoni nikasema uongo. Lakini kinachonitisha zaidi ni nyumbani. Kaka yangu amekwisha kusema mara mbili kwamba kama kumtunza mama kunanimaliza, basi itafutwe nyumba ya kutunzia wagonjwa. Ikijulikana kwamba niliacha dawa kwa sababu ya shughuli za mama, atakuwa na hoja ambayo sitaweza kuijibu. Msongo ulikuwa mzigo ambao hauna wa kumlaumu, nami nikaupakia kila kitu. Mama mwenyewe akisikia, nina hakika ataomba aondoke, na atasema kwamba ni hiari yake.

Mume wangu ana nia njema, lakini ushauri wake wa kusubiri mambo yatulie siwezi kuufuata. Nimejaribu kuutafuta mwezi wa utulivu katika mwaka ujao na sijauona. Mama hatapona kwa tarehe. Kazi nikiiacha hainingoji. Kwa hiyo swali langu halihusu jinsi ya kuyakwepa mabadiliko haya. Ninataka kujua mtu anawezaje kupita ndani yake bila kujisahau kwenye droo ya chini. Tangu Mei nimenunua kiboksi cha pili cha siku saba, kinafanana na cha mama, na ninavijaza vyote viwili pamoja siku ya Jumapili. Mpaka sasa sijakosa. Ninaogopa tu kwamba ni hofu ndiyo inayonikumbusha, na hofu huisha.

Nieleze pia kuhusu kaka. Je, ni haki nimwombe achukue zamu ya usiku hata mara mbili kwa wiki, badala ya kuendelea kunituma nipunguze mawazo? Sijawahi kumwomba waziwazi. Nilingoja aone mwenyewe. Na kazini, msimamizi wangu anaonekana kuwa mtu mwelewa, lakini bado nina miezi mitatu na zaidi ya majaribio. Sihitaji mengi kutoka kwake: meza iliyo karibu na mlango, na ruhusa ya kuinuka katikati ya kikao bila kuomba. Sijui kama nimweleze sasa, kabla sijathibitishwa, au ningoje, na kama nikimweleza nitaje jina la ugonjwa au nibakie kusema tu kwamba nina tatizo la kudumu la tumbo linalotibiwa.

Miadi ya kuanza azathioprini ni baada ya wiki mbili. Vile vidonge 132 sikuvitupa. Nimevitia kwenye bahasha, nikaiweka ndani ya mkoba ninaokwenda nao kliniki, pamoja na karatasi niliyoandika idadi ya siku na jina la ile dawa ya mgongo, ili kama sauti itanikwama niweze walau kuiweka bahasha mezani. Ningefurahi kupata neno lako kabla ya siku hiyo, na unieleze kama ni vyema nimpigie simu mapema badala ya kungoja.

Wako katika heshima,
Msomaji wako wa siku nyingi