Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Uongo Tunaouandika kwa Huruma

Ndugu wanachama, walimu wakuu wenzangu, na ninyi wazee wetu wastaafu mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi leo,

Katiba ya umoja wetu wa walimu wakuu inanidai nieleze vikao, fedha na mipango. Vikao vinne vya robo mwaka vilifanyika vyote. Cha tatu tulikisogeza kupisha mtihani wa darasa la saba wa tarehe 11 na 12 Septemba. Wenzetu watatu wamestaafu, wawili wamevuliwa madaraka na kurudi darasani, mmoja amehamishwa. Huyo aliyehamishwa nitamrudia. Mtaala mpya ulioanza Januari tumeujadili kila tulipokutana, na hesabu atazisoma mweka hazina.

Nafasi iliyobaki nimeitengea kikao cha faragha tulichokianzisha mwezi Machi, ambako mwanachama analeta jambo linalomnyima usingizi na wenzake wanamsikiliza bila kuandika jina lake popote. Kilianza kwa sababu ya hoja ya ukaguzi iliyomkuta mwenzetu mmoja. Ameniruhusu niieleze.

Shule yake iko pembezoni, na watoto wengine hutembea saa nzima kufika. Mkutano wa wazazi ulikubaliana kila kaya ilete mahindi ya uji, muhtasari ukasainiwa. Wengi walileta. Wachache hawakuleta: mama mmoja kwa kuwa hana, baba mmoja kwa kuwa alisikia elimu ni bila malipo na hapo hakuna wa kumtoa. Mpishi akapewa orodha ya majina. Saa nne asubuhi mwalimu mkuu alikuwa akitoka ofisini anaona foleni ya vikombe, na chini ya mwembe anaona watoto waliogeuzia jiko mgongo. Mmoja wa darasa la pili alikuja na kikombe kila siku. Wenzake walipokwenda kuosha vyao bombani naye alikwenda kuosha chake, kikavu kilivyokuwa, kisha akakirudisha kwenye mfuko wa madaftari.

Mwalimu angefanyaje? Akiwapa wote, waliochangia watauliza wao walichangia nini, na mwezi ujao sufuria litakuwa tupu kwa kila mtu. Akiwanyima, anamwadhibu mtoto kwa kosa la mzazi. Kumbana mzazi nako kuna hofu yake. Tunakumbuka Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni, jinsi tulivyoogopa hata kulitamka neno lenyewe.

Akachukua njia nyingine. Ruzuku ya uendeshaji mnaijua: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na si yote inayoingia kwenye akaunti ya shule. Kwa sehemu ya fedha hiyo akanunua magunia ya mahindi, na kwenye stakabadhi akaandikisha "chaki na karatasi". Watoto wote wakanywa uji. Mkaguzi wa ndani alipofika akauliza chaki ziko wapi.

Siku ile tuligawanyika, na sauti zilipanda. Wapo waliosema hakula hata punje moja, anayemshitaki huyu hana moyo. Wapo waliosema leo mahindi, kesho bati, keshokutwa kiwanja. Nilisema na leo narudia: kununua mahindi sikuoni kosa, nami ningeyanunua. Kosa lilianza kwenye kalamu. Alipoandika chaki, aliinyima kamati ya shule nafasi ya kujua kwamba kuna watoto wasiokula, akamnyima hata afisa elimu sababu ya kumsaidia. Zaidi ya hayo, aliiweka stakabadhi yake iliyojaa huruma kwenye jalada moja na stakabadhi ya mwizi, na hakuna mkaguzi duniani anayeweza kuzitofautisha kwa kuzitazama.

Nimesema hivyo huku najua na mimi nina la kwangu, na niliwaahidi kwamba nitalisema kwenye mkutano mkuu.

Mwaka 2017, muda mfupi baada ya tamko la Rais Magufuli la mwezi Juni kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule ya serikali, binti wa darasa la sita alikuja ofisini kwangu na bibi yake. Bibi alinisalimia yeye kwanza, "Shikamoo mwalimu", mtu aliyenizidi umri wa kunizaa, nikajua limeharibika jambo. Sikutaka yule mtoto afutwe. Kwenye rejista nikaandika "utoro". Nilijua mtoro akirudi hupokelewa, mjamzito je? Na kweli alirudi, akamaliza darasa la saba, na leo ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi nililihesabu neno lile kuwa tendo jema kuliko yote niliyofanya katika kazi hii.

Lakini neno "utoro" halina baba. Sheria ya Elimu ilikuwa imerekebishwa mwaka mmoja kabla, kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika kwamba hakuna mimba. Familia mbili zilimalizana nyumbani kwa mbuzi na fedha kidogo. Funika kombe mwanaharamu apite. Miaka miwili baadaye nikasikia jina la mwanaume yule yule likitajwa kutoka shule ya jirani, kwa binti mwingine. Mwalimu mkuu mwenzangu aliniuliza, "Dada, wewe huyu ulikuwa unamjua?" Nilikuwa namjua.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulituondolea sehemu ya mtego huo: binti anarudi shuleni kwa haki yake, hahitaji mwalimu amfiche. Hata hivyo mwaka huu wanachama wawili wameleta kwenye faragha mashauri ya namna hiyo hiyo, wazee wa ukoo wakiomba yaishie ukumbini kwao. Nawaomba wote mlioko hapa, anayewajia na ombi hilo msimpokee peke yenu. Mwiteni mratibu elimu kata, mwiteni ofisa ustawi wa jamii, na kwenye rejista andikeni kilichotokea.

Mitihani tumeizungumza sana kwa hiyo sitakaa hapo. Mwanachama mmoja alipigiwa simu wiki moja kabla ya Septemba akaambiwa tu, "Mwaka huu usituaibishe." Hakuambiwa aibe. Ndivyo maagizo mabaya yanavyotolewa, nusu yake anayejaza ni msikilizaji. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, na ya shule nyingine kadhaa, na watoto wakakaa upya kwenye chumba cha mtihani mwezi Oktoba. Nilipokuwa nasoma habari ile niliwafikiria watoto ambao hawakuwa wameona jibu lolote, waliosoma kwa kibatari, wakaambiwa matokeo yao hayapo. Anayeogopa kuwa wa mwisho kwenye orodha ya wilaya awakumbuke hao. Na tusijidanganye kwamba uongo huo unaanzia kwenye mtihani. Unaanza siku tunapojaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta unaopima utendaji wa watumishi wa umma, kazi ambayo hatujaifanya, kwa sababu wiki imeisha na mfumo unadai.

Wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, mgombea mmoja alileta shuleni kwa mwenzetu jezi na mipira. Mwenzetu alimshukuru, akamwomba avilete baada ya kura. Havikuletwa tena. Watoto hawakupata mpira, na sitaki tupite juu ya hilo kana kwamba si kitu.

Tumefanya nini, basi? Tangu Juni tuna utaratibu. Mwanachama aliyebanwa huleta jambo kabla ya kutenda, si baada. Wazee wetu wawili wastaafu hukaa naye wakamsaidia kuandika dokezo kwa kamati ya shule au barua kwa mkurugenzi kupitia ngazi zake. Mkubwa akiagiza kwa simu jambo linalokukwaza, unamjibu kwa maandishi siku hiyo hiyo: "Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi," unaeleza ulivyomwelewa, unaomba mwongozo wake. Ni sentensi ya heshima isiyomtuhumu mtu. Mara mbili mwaka huu barua ya namna hiyo ilijibiwa kwamba agizo halikueleweka vizuri, na jambo likaisha hapo.

Mwenzetu wa mahindi alirejesha fedha kidogo kidogo kutoka mfukoni. Kamati yake ilikaa upya, ikapitia kaya moja moja pamoja na serikali ya kijiji, ikazitenga zisizo na uwezo, na muhtasari ukaandika wazi kwamba watoto wa kaya hizo watakula. Yule baba wa elimu bila malipo alikubali kulima shamba la shule siku mbili badala ya kutoa mahindi. Mpishi hana orodha tena.

Sasa nimrudie aliyehamishwa. Shuleni kwake kulikuwa na ujenzi wa madarasa kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kusimamia mafundi yenyewe bila mkandarasi. Mifuko ya saruji iliyoandikwa kwenye hati ya mapokezi ilikuwa mingi kuliko iliyokuwa stoo. Aliihesabu na mlinzi jioni, akaihesabu tena asubuhi. Aliambiwa asaini, iliyobaki ingekuja. Alileta jambo kwenye faragha, tukamsaidia barua, hakusaini. Baada ya wiki tatu akapata uhamisho kwa masilahi ya umma, shule iliyo upande wa pili wa wilaya, bila madaraka. Siwezi kusema kwa hakika kwamba barua hizo mbili zinahusiana. Ninachoweza kusema ni kwamba sisi ndio tuliomshauri aandike, na ilipofika siku ya kubeba mizigo tulikuwa na nauli ya lori tu ya kumpa. Ipo sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa, lakini yeye hakuwa ameripoti kwa mamlaka yoyote, alikataa tu kutia sahihi. Hilo hatukulifikiria mapema. Wenye kosa hilo ni viongozi wenu, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwenye kukataa anapoteza posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ambayo kwa wengi wetu imeshapangiwa ada ya mtoto aliye chuoni. Tukimwambia mtu akatae halafu tukamwacha abebe peke yake, tunamdanganya na yeye. Kwa hiyo kamati tendaji inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili: sehemu ya ada zetu iwekwe kwenye mfuko wa kuwashika mkono wenzetu wa namna hii kwa miezi sita ya kwanza, na kikao cha Machi tumwalike ofisa wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, pamoja na wa Tume ya Utumishi wa Walimu watufundishe taarifa hupelekwa wapi, kwa fomu gani, na mtoa taarifa hulindwa vipi.

Yeye mwenyewe yuko hapa leo, amekaa nyuma karibu na mlango kwa sababu basi lake linaondoka saa tisa. Ada yake ya mwaka ameilipa. Namwomba mweka hazina asome hesabu sasa, ili tufike kwenye hoja ya mfuko kabla hajaondoka. Stakabadhi zote ziko mezani, ya lori ni ya kwanza juu.