Mheshimiwa Mkurugenzi, tunaomba picha zetu zitoke stoo

Mheshimiwa Mkurugenzi wa manispaa yetu, shikamoo na pole na majukumu. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu barua za kawaida tumeshapeleka sana pale mapokezi, zinagongwa muhuri, tunaambiwa njooni wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo haifikagi. Sasa juzi asubuhi mgambo wako wamekuja na gari, wamevunja mabanda ya wachoraji, na picha wamezirusha nyuma ya gari juu kwa juu, mbichi na kavu zote pamoja.

Labda hujaelezwa hii kazi inavyofanyika. Picha za Tingatinga, huu mtindo wetu wa kuchora, tunachora kwa rangi ya mafuta, ile ya makopo. Unapaka kwanza rangi ya nyuma unaacha ikauke, ndio unaweka umbo la chui au tembo, unasubiri tena, halafu ndio zinakuja nukta na macho. Picha inataka hewa. Ukizilaza mbili mbichi uso kwa uso zinagandana, na siku ya kuzibandua rangi ya moja inaondoka na nyingine. Humo stoo kwenu kuna picha ya kijana ninayemfundisha, kachora mnada wa samaki Feri, wanunuzi wamebanana, mama mmoja kainua ndoo juu ya vichwa vya watu, na wale changu mezani alikuwa hajawawekea macho bado. Dogo hajala vizuri tangu juzi. Na mimi hiyo kodi ya chumba nilikuwa naitegemea kwenye picha hizo hizo.

Mheshimiwa, ulikuja mwenyewe kwenye kikao ukasema wasanii ni hazina ya manispaa na utatutafutia eneo la kudumu. Tulikupigia makofi. Eneo lenyewe tukaja kuonyeshwa, chumba cha ghorofani nyuma ya soko, dirisha moja, ukifungua kopo la rangi na tina kichwa kinauma hapo hapo, na mteja gani atapanda huko? Halafu watu wanatuulizaga mawazo tunayatoa wapi, tunayatoa hapo hapo barabarani, daladala iliyojaa, msiba unapita, mganga na mgonjwa wake, bibi wa mchicha. Na mengine tumekuja nayo kutoka kwetu, stori za wanyama na mashetani tulizosimuliwa utotoni. Marehemu George Lilanga alianzia kwenye vinyago, mashetani ya Kimakonde akayaingiza kwenye rangi mpaka dunia ikamjua.

Na Mzee Edward Saidi Tingatinga, ambaye leo serikali inajivunia jina lake kwa wageni, alitoka Tunduru kuja Dar kutafuta kazi, 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, na picha zikauzwa nje, pale Morogoro Stores Oysterbay. 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa akafa, wakidhani ni mhalifu anakimbia. Alichora miaka michache tu na sanaa yake ikafika mpaka Japani. Ilianzia nje Mheshimiwa, sio ghorofani.

Na hatujawahi kukataa kulipa. Rais Magufuli alivyotoa vile vitambulisho vya wajasiriamali mwishoni mwa 2018, shilingi 20,000 tulitoa, tukaambiwa hatutabughudhiwa tena. Nimekitunza mpaka leo. Sasa wengine wanasema tumeondolewa kwa sababu ya ugeni unaokuja, wengine wanasema kuna mtu anakitaka kile kipande aweke maduka ya kontena, mimi ushahidi sina ila nashangaa kwanini kontena moja jirani yetu halikuguswa kabisa.

Habari ya eneo tutakaa tuongee, tupo, na mabanda tutajenga wenyewe kwa hela yetu. Kama kuna faini tuandikie tulipe kidogo kidogo. Ila picha haziwezi kusubiri kikao, kila siku inayopita zinazidi kugandana, na jana yule mtu wa stoo katuambia ufunguo anao ila hana maagizo. Maagizo ni yako Mheshimiwa. Mpigie simu leo, sio Jumatatu, afungue stoo tuchukue picha zetu, tafadhali sana, tupo hapo nje ya geti tunasubiri.

Ni mimi mchoraji wa barabarani, kwa niaba ya wenzangu