Shukrani kwa mzee aliyeokoa giaboksi yangu Morogoro

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Sikupata jina lako pale Msamvu, na hela uliikataa, kwa hiyo nakushukuru hadharani.

Gari ni la otomatiki, lina zaidi ya kilomita 300,000. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili lilikuwa linashtuka, na ukiweka rivasi linagonga puu. Nilishaambiwa giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Wewe hukugusa spana. Uliacha injini ipate moto, ukapitisha gia zote, ukarudisha P (ya kuegesha), ndipo ukachomoa kijiti cha oili ya giaboksi injini ikiunguruma. Ukadondosha tone kwenye kitambaa cheupe: rangi ya kahawia badala ya nyekundu, ila haina harufu ya kuungua wala chembe za chuma. "Hii haijafa," ukasema. Kisha, boneti ikiwa bado wazi, ukaniambia nikanyage breki kwa nguvu nihamishe D (ya mbele) na R (rivasi). Injini ikanyanyuka kama inataka kuruka. Mpira wa maunti ya nyuma, yaani kishikizo cha injini, ulikuwa umekatika!

Nimefunga maunti mpya. Oili tumemwaga ile ya kwenye sampo (bakuli la chini ya giaboksi) tu na kujaza aina iliyoandikwa kwenye kijiti, bila kuisukuma kwa mashine, kama ulivyosisitiza, maana kwenye giaboksi ya umri huu uchafu uliotulia unaweza kuamka ukaziba njia za valvu. Kishindo cha rivasi kimekwisha, na gia ya pili inaingia laini.

Mama, niliyekuwa nampeleka kliniki Dar, anakusalimia sana. Mungu akuzidishie, mzee wangu.