Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mkimbizi asisimulishwe hofu yake kila dirishani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, ninakuandikia kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, ninakofanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili kwa wakimbizi, wengi wao kutoka mashariki ya Kongo. Ninaomba wizara yako itoe mwongozo utakaopunguza mara ambazo mkimbizi hutakiwa kusimulia alivyoshambuliwa, na utakaohakikisha kwamba anaposimulia, mbele yake yupo mtu aliyefunzwa kumsikiliza.

Hivi karibuni nilimtafsiria mama mmoja aliyekuwa akihojiwa kwa mara ya nne kuhusu usiku ule ule, safari hii kwa sababu faili lake lilikuwa limepotea. Alihojiwa kwenye meza ya mapokezi, watu waliokuwa kwenye foleni wakimsikia. Alipofika pale mlango ulipovunjwa, sauti ilimkatika, na karani, ambaye nadhani hakuwa na nia mbaya, akamwomba aanze tena mwanzo.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sayansi imekwisha kueleza kwa kiasi kikubwa mshtuko huo unavyojengeka. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna fungu dogo la seli liitwalo amigdala, ambamo habari za mlio uliosikika na habari za maumivu yaliyoambatana nao hukutana. Seli za neva humwaga glutamati, kemikali ya kupelekeana ishara, na kipokezi chake kiitwacho NMDA, kilicho kwenye seli inayopokea, hufunguka pale tu glutamati inapokifikia wakati seli hiyo tayari imesisimka. Ndiyo maana kinaweza kuyafunga pamoja mambo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja. Kalsiamu huingia, vimeng'enya viitwavyo kinasi huamka, kisha ishara hufika kwenye kiini cha seli, ambako protini ya CREB huwasha jeni ili protini mpya zitengenezwe na maungio ya seli yaimarike. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na noradrenalini, kemikali inayomwagika mwilini wakati wa hatari, huipa nguvu zaidi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kumbukumbu ikishatulia imetulia. Mwaka 2000, wanasayansi wa ubongo Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, wakiwa New York, walionyesha kwamba panya akikumbushwa hofu ya zamani, kumbukumbu hiyo hulegea na kuhitaji protini mpya ili ikae tena. Utengenezaji wa protini ukizuiwa katika amigdala mara baada ya kukumbushwa, hofu hupungua. Panya si binadamu, na majaribio ya propranolol, dawa inayopunguza nguvu ya noradrenalini, kwa watu yametoa matokeo yanayopingana, kwa hiyo sikuombi vidonge. Ninachosema ni kwamba kukumbuka ni tendo linalofanyika ndani ya mwili, hata pale ofisi inapolihesabu kuwa ni kujaza fomu tu.

Hofu hupungua pia kwa njia nyingine: ubongo hujifunza, kwa msaada wa sehemu yake ya mbele, kwamba ishara ile ya hatari sasa haileti madhara. Funzo hilo huwekwa kando ya kumbukumbu ya zamani bila kuifuta, nalo huhitaji utulivu, muda na mtu wa kuaminika. Hapa hapa Nakivale, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wakimbizi wenyewe, wakifunzwa vizuri, wanaweza kuwa washauri wa wenzao kwa tiba ya kusimulia maisha kwa utaratibu, na dalili za kiwewe zikapungua. Ni simulizi zile zile zinazotolewa mapokezini. Kilichotofautiana ni namna zinavyopokewa.

Kwa hiyo ninaomba maelezo ya tukio yachukuliwe mara moja, faraghani, yahifadhiwe kwa siri na kutumiwa na kila ofisi inayoyahitaji kwa idhini ya mwenyewe. Ninaomba pia mafunzo kwa makarani na kwa sisi wakalimani, ambao maneno hayo hupitia vinywani mwetu.

Mama niliyemtaja ameitwa tena wiki ijayo, nami nimepangiwa kumtafsiria.

Wako mtiifu,
Mkalimani, Nakivale