Shukrani kwa fundi wa viatu wa Gikomba

Mzee wangu, sikupata kukuuliza jina jioni ile ya mkesha wa safari yetu, na ndiyo maana ninakushukuru hadharani, nikitumaini kwamba anayekufahamu atakufikishia salamu hizi.

Tulikuwa tuondoke Nairobi alfajiri kwenda Mombasa kwa miguu, mwendo wa takriban kilomita 480, na soli ya kiatu changu cha kulia ilikuwa imebanduka upande wa vidole. Ulikuwa tayari unafunga kibanda. Ungeniambia nirudi kesho, hakuna ambaye angekulaumu. Badala yake uliwasha tochi ya simu, ukakwangua gundi kuukuu mpaka ngozi ikawa safi, ukapaka nyingine na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kubana, kisha ukashona soli kuizunguka yote kwa uzi uliotiwa nta. Kile cha kushoto, ambacho sikukulalamikia, ulikishona pia bila kukubali malipo ya ziada. Watu wengi walikuwa wametuusia kuhusu maji na jua, nasi tunawashukuru, lakini ni wewe peke yako uliyetazama miguu yetu.

Tulipopita Mlolongo jua lilikuwa limekwisha kupanda, malori yakitutimulia vumbi, na hadi tulipopumzika Athi River hapakuwa na uzi hata mmoja uliolegea. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema na wateja wengi, mzee wangu. Asante sana.